René Descartes: Mtoto Mgonjwa Aliyetaka Kujua Mwili na Roho Vinakaaje Pamoja



Tumezoea kusoma hapa maisha ya watakatifu. Leo mnivumilie kidogo, maana huyu ninayewaletea sio mtakatifu. Ni mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa, René Descartes, ambaye vitabu vingi vya falsafa vinamwita baba wa falsafa ya zama mpya. Wengi wanamjua kwa ile kauli yake fupi kuhusu kufikiri na kuwepo, basi. Wachache wanajua kwamba jambo alilolihangaikia kwa miaka mingi lilikuwa afya: kwa nini tunaugua, kwa nini huzuni inaushusha mwili, na kama kuna namna ya kumchelewesha mauti.

Kwa nini nimemchagua? Kwa sababu swali lake liko kati yetu. Kijana ana huzuni isiyoisha, halali, hali, darasani haelewi kitu. Mmoja anamwambia ni mambo ya ubongo tu, ameze dawa yaishe. Mwingine anamwambia ni imani haba, afunge na asali. Yeye yuko katikati, anazama. Wote wawili wamemkata mtu vipande viwili na kila mmoja amechukua kipande chake. Na Descartes ndiye anayelaumiwa zaidi kwamba alimkata mtu hivyo. Hebu tuone maisha yake yanasemaje.

Mtoto aliyetabiriwa kufa mapema

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1596 katika mji mdogo wa La Haye, mkoa wa Touraine. Mji huo leo unaitwa Descartes, kwa heshima yake. Baba yake, Joachim, alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya Bretagne, kwa hiyo muda mwingi hakuwa nyumbani. Mama yake, Jeanne Brochard, alifariki mwaka 1597, mtoto akiwa na mwaka mmoja na kidogo. Descartes mwenyewe aliishi akiamini kwamba mama alikufa siku chache tu baada ya kumzaa, kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na majonzi, na kwamba yeye alirithi kwake kikohozi kikavu na rangi ya kupauka. Kikohozi hicho kilimwandama mpaka alipopita miaka 20. Waganga waliomwona utotoni walisema huyu hatafika mbali.

Alilelewa na bibi yake pamoja na yaya. Mshike huyo yaya akilini, tutakutana naye tena mwishoni.

Alipokuwa mvulana alipelekwa kwa Wajesuiti, kwenye chuo cha La Flèche. Wakubwa wa chuo waliona afya yake ilivyo wakamruhusu abaki kitandani asubuhi wakati wenzake wameshaamka. Wale waliosoma bweni wanajua huo ni upendeleo mkubwa kiasi gani! Tabia hiyo ya kulala sana na kutafakari akiwa kitandani hakuiacha tena. Wajesuiti wakamfundisha hisabati, falsafa na imani. Baadaye alizikosoa karibu falsafa zote alizofundishwa, lakini walimu wake aliendelea kuwaheshimu, na imani ya Kikatoliki aliishika hata alipoishi miaka mingi kati ya Waprotestanti.

Kutoka jeshini hadi buchani

Mwaka 1616 alipata shahada ya sheria huko Poitiers, ila uwakili haukumvuta. Mwaka 1618 akaenda Uholanzi na kujiunga na jeshi. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1619, akiwa Ujerumani, katika chumba chenye joto la jiko, aliota ndoto tatu zilizomtikisa. Alizielewa kama wito: atafute msingi mmoja imara wa elimu yote. Akamwomba Mungu mwanga, na akaweka nadhiri ya kwenda kuhiji kwa Bikira Maria wa Loreto.

Mwishoni mwa 1628 alihamia Uholanzi na kukaa huko karibu miaka 20, akihama nyumba mara kwa mara ili asisumbuliwe. Ukidhani alijifungia na vitabu, umekosea. Kuna majira ya baridi alipokuwa Amsterdam karibu kila siku alikuwa anakwenda kwa mchinjaji, anatazama ng'ombe wanavyochinjwa, kisha anabeba nyumbani viungo anavyotaka kuvichana. Moyo, mapafu, ubongo, jicho. Alitaka kuona kwa macho yake.

Mwaka 1628 huohuo daktari Mwingereza William Harvey alikuwa ametoa kitabu kuonyesha kwamba damu inazunguka mwilini. Descartes alikuwa mmoja wa wanafalsafa wa kwanza kukubali. Lakini hapa pia alikosea: Harvey alisema moyo ni msuli unaosukuma damu, Descartes akang'ang'ania kwamba moyo ni kama jiko, unaipasha damu moto mpaka inafura na kutoka. Leo hata mwanafunzi wa sekondari anajua nani alikuwa sahihi.

Katika kuchana viungo ndipo likakomaa wazo lake kubwa. Kabla yake, shuleni walifuata mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwamba roho ndiyo inayoupa mwili uhai na kuufanya uwe mwili wa mtu. Descartes akasema hapana: mwili ni mashine kama saa, iliyotengenezwa na Mungu kwa ufundi mkubwa, na inajiendesha kwa sheria za maumbile. Roho kazi yake ni kufikiri, kutaka na kuhisi. Kwa mtazamo wake mtu hafi kwa sababu roho imeondoka. Kinyume chake, roho inaondoka kwa sababu mashine imeharibika.

Mnaona faida yake? Kama mwili ni saa, basi fundi anaweza kuufungua, kutafuta kilichokatika na kurekebisha. Utabibu ungeweza kuwa elimu yenye hakika, sio kubahatisha. Lakini mnaona pia hatari yake. Saa haina huzuni, na saa haimkosi mama yake.

Tumaini la miaka mia

Mwaka 1637 alitoa kitabu chake kuhusu njia ya kutumia akili vizuri. Humo aliiweka afya mbele ya mema yote ya maisha haya, akaitaja kuwa msingi wa hayo mengine, kwa sababu hata akili inategemea sana hali ya mwili. Alitumaini kwamba siku moja watu wataepushwa na magonjwa yasiyohesabika, pengine hata na udhaifu wa uzee. Mwaka huohuo alimwandikia rafiki yake akionyesha tumaini la kuishi zaidi ya miaka mia. Mvi zilikuwa zimeanza kutokea, naye akawa anachunga chakula na usingizi wake.

Tusimcheke. Huyu ni yule mtoto wa kikohozi aliyeambiwa hatakua. Na tumaini lake la utabibu halikuwa la kijinga: chanjo, dawa na upasuaji vinavyotuokoa leo vimepatikana kwa watu waliofuata njia hiyo ya kuuchunguza mwili bila woga.

Kaburi la mtoto

Wakati anaandika kuhusu kushinda magonjwa, Descartes alikuwa na mtoto. Mwaka 1635 alizaliwa binti yake Francine, aliyemzaa na Helena Jans, mtumishi wa nyumba alimokuwa anaishi. Hawakuwa wamefunga ndoa. Siandiki hili ili tumhukumu, wala ili tulipambe. Ni dhambi kama dhambi nyingine tunazopeleka kwenye kitubio. Ila mtoto alimkubali na alimpenda, akawa anapanga kumpeleka Ufaransa apate malezi na elimu nzuri.

Septemba 1640 Francine aliugua homa kali yenye vipele vyekundu. Akafariki tarehe 7, ana miaka mitano tu. Mwezi uliofuata akafariki baba yake Descartes.

Hapo ile mashine ilimshinda fundi. Mtu aliyejua njia ya damu na mishipa, aliyetegemea kuishi karne nzima, hakuweza kumwokoa mtoto mmoja. Aliyeandika maisha yake karne hiyohiyo anasema hiyo ndiyo ilikuwa huzuni kubwa kuliko zote alizopata. Miezi michache baadaye, akimfariji rafiki aliyefiwa, Descartes alikiri kwamba yeye pia amepoteza watu wa karibu, na kwamba hakubaliani na wanaodhani machozi ni ya wanawake tu. Jamani, wavulana, mmesikia? Hiyo ilikuwa Januari 1641.

Mwaka huohuo 1641 kikatoka kitabu chake cha tafakari kuhusu Mungu na roho. Humo anatofautisha roho na mwili kwa ukali kuliko mtu yeyote kabla yake. Lakini ukifika tafakari ya sita na ya mwisho, anasimama na kusema jambo ambalo wanaomlaumu hulisahau. Roho haikai mwilini kama nahodha ndani ya jahazi. Nahodha jahazi likitoboka anaona tundu, anaita fundi, yeye mwenyewe hana kidonda. Mimi nikijikata siangalii tu kidonda, naumia. Kiu, njaa na maumivu vinanifundisha kwamba nimechanganyika na mwili wangu mpaka ni kama kitu kimoja.

Maswali ya binti mfalme

Kama ni hivyo, roho isiyo na umbo wala uzito inausukumaje mwili? Aliyembana Descartes kwa swali hili hakuwa profesa. Alikuwa msichana wa miaka 24, Elisabeth wa Bohemia, katika barua ya Mei 1643. Baba yake alipoteza ufalme mwaka 1620, yeye bado mtoto mdogo, na familia ikaishi ukimbizini huko The Hague. Elisabeth alikuwa Mprotestanti, Descartes Mkatoliki, na urafiki wao wa barua ulidumu mpaka Descartes alipofariki.

Descartes alijibu kwamba umoja wa roho na mwili haujulikani vizuri kwa kufikiri sana. Unajulikana kwa kuishi: kwa hisi, kwa mazungumzo ya kawaida, kwa mambo ya kila siku. Elisabeth hakuridhika. Alimjibu kwa heshima kwamba hisi zinamwonyesha kuwa roho inausukuma mwili, ila hazimwonyeshi inausukuma namna gani. Nilipokuwa nasoma falsafa, barua hii ilinifundisha kuliko vitabu vingi vinene, kwa sababu hapa mwanafunzi anamsaidia mwalimu kuliona tundu la hoja yake.

Mwaka 1645 maswali yakaacha kuwa ya nadharia. Elisabeth aliugua: homa ndogo isiyoisha na kikohozi kikavu. Descartes, aliyekijua kikohozi cha namna hiyo tangu utotoni, alimwandikia kwamba sababu ya kawaida ya homa kama hiyo ni huzuni, na familia yake ilikuwa na sababu nyingi za huzuni. Akamshauri auzoeze moyo kutazama mambo kwa upande unaoweza kumpa furaha, apumzishe akili, atazame majani ya msituni, rangi ya ua, ndege anavyoruka. Akamsimulia habari za mama yake na za utoto wake, na kwamba aliamini tabia hiyo ya kutazama upande mwema ilimsaidia kupona.

Ni ushauri mzuri, lakini Elisabeth hakuupokea wote. Alimweleza kwamba mwili wake unashindwa kupona haraka pale roho inapopigwa, na kwamba misiba ya familia haimpi nafasi ya kupumua: mmoja haujatulia, mwingine umefika. Tena akamkumbusha kwamba kuna magonjwa yanayomwondolea mtu hata uwezo wa kutumia akili. Utamwambiaje mtu kama huyo afikirie mazuri, wakati kile anachofikiria nacho ndicho kinachoumwa?

Descartes alikubali kwamba mtu asiye na uhuru wa akili yake hawezi kudaiwa kama mwenye nao. Na maswali ya Elisabeth ndiyo yaliyomsukuma kuandika kitabu chake cha mwisho, kuhusu hisia za nafsi, kilichotoka mwaka 1649. Humo anaeleza hofu, upendo, chuki na huzuni kama mambo yanayotokea mwilini na rohoni kwa pamoja. Yule anayesemekana kumkata mtu vipande viwili alitumia miaka yake ya mwisho kutafuta namna ya kumshona.

Kati ya barua hizo kuna nyingine, ya mwaka 1646, kwa rafiki yake Pierre Chanut. Ndani yake anakiri kwamba ametumia muda mwingi sana kwenye utabibu, na badala ya kupata njia ya kurefusha maisha amepata nyingine iliyo rahisi na ya hakika zaidi, nayo ni kutoogopa kifo. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu lile tumaini la miaka mia.

Supu, baridi na kifo

Septemba 1647, akiwa Paris, alimtembelea kijana mwenye akili ya ajabu na mwili dhaifu, Blaise Pascal, miaka 24. Walizungumza sayansi na hawakuelewana sana. Ila Descartes alimpa ushauri wa kiafya: akae kitandani mpaka achoke kukaa, na anywe supu ya kutosha. Mwanafalsafa mkubwa wa zama zake, na dawa aliyokuwa nayo ni usingizi na supu!

Oktoba 1649 alifika Stockholm, Uswidi, kwa mwaliko wa Malkia Christina aliyetaka kufundishwa falsafa. Malkia akapanga vipindi saa kumi na moja alfajiri, katikati ya baridi kali ya Januari. Kwa mtu aliyezoea kuamka jua limepanda, tangu La Flèche, hiyo ilikuwa adhabu. Alikuwa anakaa kwa Chanut, ambaye sasa alikuwa balozi wa Ufaransa. Chanut akaugua nimonia. Descartes akakaa naye akimuuguza, na mwanzoni mwa Februari yeye mwenyewe akalala kwa ugonjwa huohuo. Chanut alipona.

Daktari wa malkia alitaka kumtoa damu, kama ilivyokuwa desturi ya tiba wakati ule. Descartes akakataa kwa siku kadhaa. Alipokubali alikuwa ameshadhoofu. Inasimuliwa kwamba alipoona mwisho unakaribia aliwaandikisha barua kwa ndugu zake, akiwaomba waendelee kumtunza yaya wake. Yule mama wa utotoni alikuwa bado hai! Padre wa ubalozi alikuwepo kumwombea. Descartes alifariki alfajiri ya tarehe 11 Februari 1650, akiwa na miaka 53.

Kwa kuwa alikuwa Mkatoliki katika nchi ya Kilutheri, walimzika kwenye makaburi ya watoto. Baba yake Francine akalala kati ya watoto.

Yaliyofuata ni mengi. Christina aliacha kiti cha enzi mwaka 1654 akawa Mkatoliki, na leo kaburi lake liko katika Basilika la Mtakatifu Petro, Roma. Mwaka 1663 vitabu kadhaa vya Descartes viliwekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa mpaka visahihishwe. Mwaka 1665 kijana Mdenishi, Niels Stensen, alisimama Paris na kuonyesha kwamba ile tezi ndogo katikati ya ubongo, ambayo Descartes aliiona kuwa makao makuu ya roho, haiwezi kujongea kama alivyodai. Stensen baadaye aliingia Kanisa Katoliki, akawa padre, kisha askofu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Kwa hiyo aliyemsahihisha Descartes kwa kisu cha maabara ameishia altareni.

Mifupa ya Descartes ilirudishwa Ufaransa na sasa iko katika kanisa la Saint-Germain-des-Prés, Paris. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilitengwa njiani, na linatunzwa kwenye jumba la makumbusho katika jiji hilohilo. Kichwa huku, mwili kule, wanangoja ufufuko.

Tubaki na nini?

Kwanza, wewe ni mmoja. Kanisa lilishafundisha katika Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, kwamba roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili wa mtu, na Katekisimu namba 365 inarudia kwamba mwili na roho sio maumbile mawili yaliyounganishwa bali ni umbile moja. Kwa hiyo ukiwa na sonona, kwenda hospitali sio kukosa imani, na kusali sio kuikataa hospitali. Nenda kwa daktari, na nenda kwa padre. Anayekuambia uchague kimoja anakukata.

Pili, ukikaa na rafiki mwenye huzuni, mkumbuke Elisabeth. Maneno mazuri ya kumtaka ajitie moyo yanaweza kuwa ya kweli na bado yakamwelemea. Muulize anaumwa wapi. Msindikize zahanati. Mpelekee uji. Descartes alimsaidia Elisabeth pale alipoacha kumfundisha na kuanza kumsikiliza.

Tatu, afya ni zawadi, sio mungu. Ilinde: lala, kula vizuri, acha yanayouharibu mwili, maana ni hekalu la Roho Mtakatifu. Ila usiisujudie. Descartes alianza akitaka kukwepa kaburi, akamaliza akijifunza kutoliogopa. Sisi tunalo zaidi ya utulivu wa mwanafalsafa: tunaye Kristo aliyefufuka na mwili wake, wenye makovu.

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyechoka, uliyelia na uliyegusa wagonjwa kwa mikono yako, waangalie vijana wanaoumwa mwili na wanaoumwa moyo. Uwape madaktari wema na marafiki wanaosikiliza. Utufundishe kutunza miili yetu bila kuiabudu, na utujalie saa ya kufa kwetu tusiogope. Mpokee mtumishi wako René, na Francine, na wazazi wote waliozika watoto wao. Amina.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.